Pale Springi Inaposhikwa



Mji huu wa Grand Rapids, katika jimbo la Michigan, uliwahi kuitwa Mji wa Samani. Sifa yake ilivuma hasa baada ya maonyesho makubwa ya mwaka 1876 kule Philadelphia, ambako viwanda vya hapa vilipeleka vitanda, makabati na viti, na wanunuzi wa Marekani nzima wakaujua mji. Viwanda vingi vya wakati ule vimekwisha kufungwa. Viti vyenyewe bado vimo majumbani, na mzee anapofariki au familia inapohama, vinatolewa barazani apatikane mtu wa kuvichukua.

Ndivyo bibi mmoja wa kanisani kwetu alivyopata kiti chake cha kubembea. Ni mzaliwa wa Fizi, huko Kivu ya Kusini, na aliishi miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, kabla ya kuletwa huku. Jirani yake alipohama alimwachia kiti, na bibi akakifanya mahali pake pa kusali. Hukaa dirishani, Biblia mapajani, akabembea taratibu huku akitaja majina ya wajukuu mmoja mmoja, walio hapa na waliobaki kambini. Anayemtembelea wakati huo hungoja mpaka orodha iishe.

Baadaye kiti kikaanza kupiga kelele, kikalala upande. Bibi akaacha kukikalia. Siku niliyokwenda kumwona nilimkuta kijana mmoja wa kanisani, seremala aliyejifunza kazi hiyo huko huko kambini, amekipindua kiti miguu juu kwenye blanketi na bisibisi iko mkononi. Bibi amekaa kitandani anamwangalia kama mtu anayemwangalia daktari.

Huenda hujawahi kukiona kiti cha namna hii, basi nikueleze. Kiti cha kubembea cha kawaida kina mbao mbili zilizopinda kama upinde, nazo zinakanyaga sakafu moja kwa moja. Ukibembea sana, kiti kinasogea. Kinakula zulia, kinagonga ukuta, na mtoto anayetambaa karibu asipoangaliwa anaweza kukanyagwa vidole. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 mafundi wa Marekani wakapata njia nyingine. Wakatengeneza kitako kinachotulia chini bila kuyumba, kisha juu ya kitako hicho wakaweka kiti chenye mbao zake zilizopinda. Sasa kiti kinabembea juu ya kitako chake chenyewe, na sakafu haiguswi.

Lakini hapo likazuka swali. Ni nini kitakachokizuia kiti kisiteleze au kisichomoke kwenye kitako mtu anapoegemea nyuma? Hawakuweza kukipigilia misumari, maana kingeacha kubembea. Hawakuweza kukiacha wazi, maana kingemwangusha mtu. Jibu lao likawa springi. Kila upande kuna springi fupi nene, mara nyingi mbili zimesimama pamoja, zinazokiunganisha kiti na kitako. Na ili springi zishike mbao, kuna kipande cha chuma juu na kingine chini, kila kimoja na matundu yake ya skrubu. Kile cha juu kinafungwa kwenye mbao inayobembea, kile cha chini kinafungwa kwenye kitako. Hizo ndizo breketi. Ofisi ya hataza ya Marekani ilipokea michoro mingi ya vifaa vya namna hiyo, kila mbunifu akidai kwamba njia yake ya kuishika springi ni bora kuliko ya mwenzake. Watu walikesha wakifikiria kipande cha chuma ambacho mwenye kiti hatakiona mpaka siku atakapokipindua.

Nilipiga goti kando ya fundi nikaangalia. Springi moja ilikuwa imekatika.

"Pasta, ona hapa," akaniambia. "Katikati ni nzima kabisa. Imekatikia mdomoni."

Ilikuwa kama alivyosema. Mizunguko ya katikati ya ile springi, ile inayoonekana ikicheza mtu anapobembea, ilikuwa haina hata ufa. Waya ulikuwa umekatika pale unapoingia ndani ya breketi, kwenye mzunguko wa mwisho kabisa, mahali palipobanwa. Nikamuuliza kama hilo ni la ajabu. Akacheka. Akasema springi nyingi alizowahi kutengeneza zilikatikia hapo hapo, pale zinaposhikwa.

Tangu siku ile neno hilo limenikaa moyoni, na ndilo ninalotaka tulitafakari pamoja wiki hii.

Tunapofikiria upendo kati ya watu wawili, mara nyingi tunaangalia katikati yake. Tunaangalia siku ya harusi, sikukuu, mambo makubwa ambayo mtu alimtendea mwenzake. Tunauliza kama wanapendana kweli, na mara nyingi jibu ni ndiyo, wanapendana. Sehemu ile ni nzima. Hata hivyo nyumba inalala upande, na hakuna anayeelewa kwa nini.

Je, umewahi kuangalia mahali upendo wako unaposhikiliwa? Nazungumzia mahali padogo ambapo maisha yako yanagusana na ya mwenzako kila siku. Katika familia nyingi za hapa, mume anarudi kutoka zamu ya usiku kiwandani saa moja asubuhi, wakati mke anavaa viatu kwenda zamu ya mchana. Wanaonana dakika chache mlangoni. Mume anampa mke ufunguo wa gari, mke anamwambia mtoto amekohoa usiku, chakula kiko kwenye jokofu. Uzito wote wa ndoa ile, kwa siku hiyo, umening'inia kwenye zile dakika chache. Mmoja akimpokea mwenzake kwa sauti ya ukali leo, ndoa haitavunjika. Kesho pia haitavunjika. Wala kesho kutwa.

Naomba hapa nipite kidogo upande wa wahandisi, maana walilijua jambo hili kwa kilio. Tarehe 8 Mei 1842, treni iliyokuwa ikitoka Versailles kurudi Paris ilipata ajali kwa sababu ekseli ya injini ya mbele ilikatika. Mabehewa yakapandana, moto ukawaka, na watu zaidi ya 50 wakapoteza maisha. Ekseli kama zile zilikuwa nene, na zilibeba mzigo ambao kwa hesabu zilistahili kuubeba. Kwa nini zikatike? Miaka iliyofuata mhandisi Mjerumani, August Wöhler, alitengeneza mashine za kupinda ekseli kidogo tu, kisha tena, kisha tena, mara nyingi mno. Akaonyesha kwamba chuma kinaweza kukatika kwa mzigo mdogo kuliko ule kinaoweza kuuhimili mara moja, ikiwa mzigo huo utarudiwa bila kukoma. Na akaona kwamba ufa hupenda kuanzia penye kona kali. Mafundi wetu hawahitaji mashine kulisema hilo. Wanasema chuma kimechoka.

Sasa utaelewa kwa nini waya ulikatikia mdomoni. Katikati ya springi kuna nafasi, kila mzunguko unagawana mpindo na mwenzake. Pale breketi inapobana, hakuna wa kugawana naye. Mpindo wote unaishia sehemu moja, na kona ya chuma iko hapo hapo.

Mpendwa, nadhani unajua mahali hapo katika maisha yako. Kwa wengi wetu tuliotawanyika, mahali hapo ni simu. Nimesikia habari hii katika nyumba nyingi, kwa maneno yanayofanana. Ndugu wawili wamepita vita pamoja, wamelala msituni pamoja, wamebebana mgongoni. Upendo wao umeshajaribiwa kuliko wa watu wengi. Kisha mmoja anapata safari, mwingine anabaki. Kinachowaunganisha sasa ni simu na pesa ya kutuma. Simu ya kwanza aliyebaki anaeleza shida, naye wa huku anatuma. Simu ya pili ni shida tena. Wa huku anaanza kuona kwamba hapigiwi ila kwa pesa. Wa kule anaanza kuona kwamba ndugu yake anajibu kwa haraka kama mtu anayemfukuza mdai. Hakuna tusi lililotoka. Siku moja simu inaita, inaachwa iite, na mwaka unapita bila salamu. Ukiwauliza, kila mmoja atakwambia kwa machozi kwamba anampenda mwenzake, na atakuwa anasema kweli.

Ndiyo maana naogopa kidogo tunapohubiri upendo kama hisia ya kuongezwa tu. Watu hawa hawakupungukiwa na upendo. Palipochoka ni pale uliposhikwa.

Turudi kwa breketi yenyewe, maana ina mengi ya kutufundisha. Haibembei wala haing'ai, na aliyekalia kiti haihisi. Kazi yake ni kuwa palepale kila mara kiti kinapokwenda na kila mara kinaporudi. Nikiangalia waumini waliodumu katika imani miaka mingi, naona zaidi uaminifu wa namna hii kuliko maajabu. Mama anayeomba na watoto kabla ya kulala hata siku ambayo hana maneno. Mzee anayekuja ibada ya katikati ya wiki, ile yenye watu wanane, na kupanga viti. Mtu anayesema "nimekosa, nisamehe" kabla chakula hakijapoa, si kwa sababu kosa ni kubwa, bali kwa sababu ndiyo desturi ya nyumba yake. Mambo haya hayatolewi ushuhuda madhabahuni. Lakini toa hayo uone kama kile kinachoonekana kitasimama.

Na hapa mjini kuna jambo ambalo huwa nalikumbuka kila ninapoona kiti cha zamani. Mwaka 1911 maelfu ya wafanyakazi wa viwanda vya samani walifanya mgomo uliodumu karibu miezi minne. Walikuwa wakifanya kazi masaa kumi kwa siku, na mojawapo ya madai yao lilikuwa masaa tisa. Watu waliotengeneza viti vya kupumzikia hawakuwa na muda wa kupumzika! Askofu msaidizi wa Kikatoliki wa hapa, Joseph Schrembs, aliwatetea hadharani. Wakristo wengine wa mji hawakuwa na msimamo kama wake. Mwishowe wafanyakazi walirudi viwandani bila ushindi waliouomba. Sisemi haya ili kufufua ugomvi wa zamani. Nataka tu ujue kwamba chini ya raha ya mtu mmoja mara nyingi kuna mkono wa mtu mwingine uliokaza skrubu. Nyumbani mwako ni nani huyo? Ulimshukuru lini mara ya mwisho?

Sasa tuangalie jinsi fundi wetu alivyotengeneza, kwa sababu hapo ndipo nilipojifunza habari za msamaha.

Alifungua breketi zote mbili za upande ule. Skrubu za zamani zilitoka bila kazi, nyingine alizitoa kwa vidole tu, maana matundu kwenye mbao yalikuwa yamekuwa mapana kwa kuchezacheza. Mimi nikapendekeza apige msumari mrefu, mambo yaishe. Akatikisa kichwa. "Msumari utashika leo, Pasta. Kesho utapasua mbao, na mbao ikipasuka hatuna kiti tena."

Akachonga vijiti vya mbao ngumu, akavipaka gundi, akavigonga ndani ya matundu yale mpaka vikajaa, akakata vilivyochomoza, akapitisha msasa. Kisha akatuambia tungoje mpaka kesho yake. Bibi alisikitika kidogo, alikuwa ameshajiandaa kwa maombi ya jioni kitini. Lakini gundi haina haraka ya mtu. Siku ya pili akatoboa upya, tundu jembamba katikati ya mbao mpya, na skrubu ikaingia kwa ukinzani, ikauma.

Umeona alivyofanya? Hakufunga mahali pengine ili kuepuka tundu lililoharibika. Breketi ilirudi palepale, lakini kwanza palijazwa. Sisi mara nyingi tunataka kusamehe kwa msumari. Tunasema "yameisha" kwa nguvu, mbele ya wazee, tunapeana mikono, tunapigwa picha. Ndani tundu bado ni pana. Wiki mbili baadaye linatokea jambo dogo na yote yanachomoka. Je, kuna mtu uliyemwambia kwamba umemsamehe, na bado jina lake likitajwa unajisikia kulegea ndani? Usijilaumu. Huenda hukudanganya. Huenda hukungoja gundi ikauke.

Angalia jinsi Bwana wetu alivyomtengeneza Petro. Katika Injili ya Yohana, sura ya 18, usiku wa baridi, Petro anasimama kwenye moto wa makaa pamoja na watumishi, akiota moto, na hapo anamkana Yesu. Hapo ndipo alipokatika. Sehemu nyingine za Petro zilikuwa nzima. Bidii yake ilikuwa nzima, mapenzi yake kwa Bwana yalikuwa mazima, hata upanga alikuwa ameuchomoa muda mfupi kabla. Alikatika kwenye swali dogo la mjakazi mlangoni. Kisha fungua sura ya 21. Ni alfajiri, kando ya ziwa, na wanafunzi wanaposhuka pwani wanakuta moto. Ni moto wa makaa tena. Yesu angeweza kuzungumza na Petro mashuani, au njiani, au popote ambapo kumbukumbu haimchomi. Akamkalisha kwenye moto, akamlisha kwanza, samaki na mkate, ndipo akamuuliza kama anampenda. Akamuuliza mara tatu, na mara ya tatu Petro akahuzunika.

Nimewahi kusikia watu wakisema Yesu alikuwa akimkumbusha kosa ili amwaibishe. Sioni hivyo. Mtu anayetaka kumwaibisha mwenzake hampikii kifungua kinywa. Alikuwa akijaza tundu lile lile, polepole, mbele ya moto wa aina ile ile, ili siku Petro atakapopewa uzito wa kuchunga kondoo, pasilegee tena hapo. Naye Bwana hakumpa kazi nyepesi ili kumlinda. Alimpa kundi zima.

Paulo alipowaandikia Wakolosai, katika sura ya 3, aliwataka wachukuliane na kusameheana mtu akiwa na neno juu ya mwenzake, kisha akautaja upendo kuwa ndio unaofunga yote pamoja. Napenda kwamba aliweka kuchukuliana kabla ya kusameheana. Kuchukuliana ni kazi ya kila siku, kabla kosa halijawa kosa. Ni kule kumwachia mwenzako nafasi ya kuyumba kidogo bila kupiga kelele.

Lakini naomba unisikie vizuri, maana kuna msomaji mmoja anayesoma haya akiwa na alama mwilini. Mwaka 1678 Mwingereza Robert Hooke alichapisha kanuni aliyoigundua kuhusu springi: nguvu yake ya kurudi inalingana na jinsi ilivyovutwa. Vuta kidogo, inarudi kwa nguvu kidogo. Vuta zaidi, inarudi kwa nguvu zaidi. Ila kila fundi anajua kanuni hiyo ina mpaka. Springi ikivutwa kupita uwezo wake hairudi tena. Inabaki imelegea, na kuilaumu hakusaidii. Ikiwa kuna mtu anayekupiga, anayekutisha, anayekunyang'anya, sikwambii ubaki hapo ukiita hali hiyo uvumilivu. Toka mahali pa hatari, mwambie mtu unayemwamini, mwambie mchungaji wako, na pale inapohitajika waambie wenye sheria. Kusamehe kunaweza kuanza moyoni mwako ukiwa mbali, na huna deni la kurudi ili uthibitishe kwamba umesamehe. Bwana hawahesabii waliovunjwa kwamba hawakupenda vya kutosha.

Kuna jambo lingine fundi alilofanya, na kidogo nilitaka kumzuia kwa ajili ya gharama. Springi iliyokatika ilikuwa moja, yeye akanunua mbili. Akaitoa na ile nzima.

Nikamuuliza kwa nini. Akaiweka mkononi mwangu, akaniambia niibonyeze, kisha nibonyeze mpya. Ile ya zamani ilikuwa laini kuliko mpya. "Tangu mwenzake akatike, hii ndiyo iliyobeba mzigo wa watu wawili," alisema. "Ukiiacha na mpya, kiti kitalala upande, na baada ya muda mfupi nitaitwa tena."

Mpendwa, huenda wewe ndiye springi hiyo. Katika nyumba iliyopata msiba au ulevi au kukimbiwa, watu wote humwangalia aliyevunjika. Wanamwombea, wanamtembelea, wanamshauri. Na ni haki. Lakini kuna aliyebaki amesimama, anayekwenda kazini, anayepika, anayejibu simu za ndugu na kusema "tunaendelea vizuri." Kwa macho ni mzima. Hakuna aliyemshika akaona amelegea kiasi gani. Ikiwa ndiye wewe, nakuomba usione aibu kusema umechoka. Eliya alipochoka jangwani, Mungu hakumpa hotuba. Alimlaza usingizi, akamletea mkate na maji, akamlaza tena. Na kanisa, tukumbuke kuwauliza wanaosimama. Tuwaulize mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza watasema hawajambo.

Mwisho fundi aliingiza skrubu zote bila kuzikaza mpaka mwisho. Akakigeuza kiti, akakisimamisha, akarudi hatua mbili akakitazama kama kimekaa sawa. Akakisukuma kwa kidole, kikaenda na kurudi. Ndipo akainama tena chini yake akakaza, skrubu ya huku kidogo, ya kule kidogo, akizunguka, asimalize moja kabla ya nyingine. Kisha akampa bibi bisibisi ile ndogo aiweke kabatini, akamweleza kwamba kila baada ya miezi michache amwite mjukuu aangalie kama kuna iliyolegea. Skrubu hulegea, alisema. Si ubovu wa kiti, ni kwa sababu kinatumika.

Nimelipenda hilo kuliko mengi ninayosoma vitabuni kuhusu ndoa na udugu. Wengi wetu tukiona kumelegea kidogo tunafikiri mapenzi yamekwisha, au kwamba hatukuokoka vizuri. Petro alimuuliza Bwana kama kumsamehe ndugu mara saba kunatosha, akijiona mkarimu, na Bwana akampa hesabu ambayo hakuna anayeweza kuishika kichwani. Nadhani alijua kwamba watu wanaoishi pamoja watalegeana tena na tena, kwa kuwa wanaishi pamoja.

Basi wiki hii sikupi zoezi kubwa. Chagua uhusiano mmoja tu. Usiuchunguze wote, wala usianze kuhesabu miaka. Angalia mahali pale padogo unaposhikiliwa: salamu ya asubuhi, namna unavyopokea simu, neno unalolitumia mwenzako akichelewa, meza ya chakula. Jiulize kwa upole kama pamechoka. Kama pamechoka, jaza kwanza, kwa sala, kwa kukaa kimya mbele za Mungu siku moja au mbili, kwa kulisema kosa lako bila kulifunga pamoja na la mwenzako. Halafu mrudie mtu yule mahali pale pale palipokatika. Ikiwa ilikuwa simu, basi piga simu, na mara hii usizungumze habari ya pesa. Muulize amelalaje, watoto wanasoma darasa la ngapi, mvua imeanza au bado. Asipopokea leo, mpigie tena Jumatano.

Neema ya Bwana iwe nawe na nyumba yako.